Koo moja, sauti tatu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza kiitikio chenye mistari minne tu, na sehemu kubwa ya muda huo imeishia kwenye programu-jalizi moja: ile inayochukua sauti ya mwimbaji mmoja, ikaipandisha au kuishusha, kisha ikarudisha sauti mbili, tatu au zaidi zinazoimba maneno yaleyale kwa nota tofauti. Watayarishaji wengi huiita hamonaiza. Ninamwandikia mtu ambaye tayari anajua kurekodi sauti na kuipanga kwenye kompyuta, lakini kila anapoiwasha programu ya namna hii hupata kitu kinachofanana na kwaya ya maroboti, akaifuta na kukilaumu kifaa. Nami nilianza kwa kukilaumu kifaa. Ilinichukua muda kutambua kwamba kilichokuwa kikiniudhi ni kule kukubaliana kupita kiasi kwa sauti zile: zilivuta pumzi pamoja, zikateleza pamoja, zikatetema pamoja na kufunga mdomo pamoja, jambo ambalo watu watatu walio hai hawaliwezi hata wakifanya mazoezi mwaka mzima.

Jina lenyewe ni la kibiashara. Kampuni ya Eventide ya Marekani ilitoa mwaka 1975 kisanduku kilichoitwa H910 Harmonizer, kazi ya mhandisi Tony Agnello, na neno Harmonizer likasajiliwa kuwa alama yake ya biashara, ndiyo maana kampuni nyingine huzipa programu zao majina ya kuzungukazunguka. Kisanduku kile kilipandisha au kushusha sauti hadi oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, lakini hakikujua nota gani imeimbwa. Kilisogeza kila kitu kwa kipimo kimoja, na pale kilipounganisha vipande vya sauti mikwaruzo ilisikika. Mtayarishaji Tony Visconti alikitumia kwenye ngoma za mwanamuziki David Bowie mwaka 1976, na sauti ile ya ngoma inayodidimia baada ya kila pigo ikawa maarufu kuliko kazi nyingi za waimbaji zilizopitishwa humo. Mwaka 1997 akaja Andy Hildebrand, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchakata mitetemo ya ardhi katika utafutaji wa mafuta, akatumia hisabati ya aina hiyohiyo kutambua nota anayoimba mtu na kuisahihisha papo hapo. Programu yake ni Auto-Tune. Hamonaiza za leo ni watoto wa pande zote mbili, kwa maana zinasogeza sauti kama kisanduku cha kwanza, lakini kabla ya kuisogeza zinauliza ni nota gani.

Tuanze na nota, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Mstari wa kwanza wa kiitikio changu unasema "Nimekungoja mlangoni", silabi tisa ukiihesabu ile m ya "mlangoni" kuwa silabi kamili, nami nauimba so so la so mi, kisha fa mi re mi. Siku ya kwanza niliiagiza programu iongeze sauti moja iliyo semitoni 4 juu yangu (semitoni ni hatua kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake). Kwenye silabi mbili za mwanzo ilinipa ti, ambayo imo kwenye skeli, yaani ngazi ya nota saba za wimbo, nikafurahi. Ilipofika kwenye "ku", ninapoimba la, ikanipa do iliyopandishwa nusu, nota ambayo wimbo wangu haujawahi kuiona, na "ja" ikaangukia kwenye so iliyopandishwa nusu. Sababu yake ni ndogo sana. Katika skeli ya meja, ile ya do re mi ya kawaida, ukianzia do, fa au so, nota ya tatu juu yake iko umbali wa semitoni 4, lakini ukianzia re, mi, la au ti, umbali huo ni semitoni 3. Kwa hiyo anayeweka semitoni 4 na kuondoka atakosea kwenye nota nne kati ya saba, na anayeweka 3 atakosea kwenye tatu zilizobaki.

Tiba iliyozoeleka ni kuiambia programu ufunguo wa wimbo na aina ya skeli, kisha kuchagua "tatu juu" badala ya idadi ya semitoni. Nilifanya hivyo, na nota geni zote zikatoweka. Hata hivyo mwanzo wa mstari uliendelea kunikera, na ilinibidi nizime vyombo vyote isipokuwa kinanda ndipo nielewe. Pale ninapoimba so, kinanda kinapiga do, mi na so kwa pamoja. Tatu juu ya so ni ti, na ti iko nusu toni tu chini ya do. Zikilia pamoja kwa silabi mbili mfululizo zinasuguana kama meno. Mwimbaji wa alto aliyelelewa kwenye kwaya angekwenda moja kwa moja kwenye do bila kuambiwa na mtu, kwa sababu yeye husikiliza kodi (namaanisha za kinanda, si zile za mapato), wakati programu husikiliza skeli peke yake. Skeli inaweza kuwa sahihi na kodi ikawa na maoni mengine.

Kwa hiyo sasa situmii tena hali ya skeli isipokuwa kwa kujaribu wazo la haraka. Ninafungua njia ya MIDI, yaani ile inayobeba maagizo ya nota na si sauti yenyewe, naiunganisha na programu-jalizi, kisha napiga kwa kidole nota ninazotaka sauti saidizi iimbe: do do do do so, halafu la so fa so. Maneno na pumzi vinatoka kwangu, nota zinatoka kwenye kinanda. Mwanamuziki Jacob Collier, akishirikiana na Ben Bloomberg wa chuo cha teknolojia cha MIT, alikifanya kifaa cha namna hii kuwa ala ya jukwaani, anaimba huku vidole vikipanga kwaya nzima. Mimi najitosheleza na nota moja kwa wakati mmoja, nikizirekebisha na kipanya baadaye. Faida ya pili ya njia hii huonekana kwenye nyimbo za maina, zile zenye skeli ya huzuni, ambako nota ya saba hupandishwa katika kodi moja na kuachwa katika nyingine, na skeli yoyote utakayoichagua kwenye orodha itakuwa imekosea mahali fulani.

Kuna jambo dogo kuhusu nota ambalo huenda msomaji asilijali, ila mimi nimelijali usiku mwingi. Kinanda huweka tatu ya meja kwenye senti 400, yaani semitoni 4 kamili, lakini watu wanaoimba bila chombo na kushikilia nota kwa muda huelekea kwenye senti 386 hivi, mahali ambapo mawimbi yanatulia. Katika daraja la wimbo wangu, yaani kipande cha kati, ambako kinanda kinanyamaza na sauti zinabaki peke yake, niliishusha sauti inayoimba tatu ya meja kwa senti 10, na ule mngurumo mdogo uliokuwa ukipigapiga chini ya irabu ukapungua sana. Kinanda kiliporudi niliirudisha sauti palepale ilipokuwa, maana kushindana na kinanda si kazi ya mwimbaji.

Sasa tuje kwenye rangi ya sauti, na hapa nitakaa kidogo. Ukiharakisha rekodi ili sauti ipande, unapandisha vitu viwili kwa mkupuo mmoja: kidatu, yaani kasi ambayo nyuzi za sauti hutetema, na mwangwi wa ndani ya koo na kinywa, ambao wataalamu huuita fomanti. Koo na kinywa cha mwanamume mzima, kuanzia kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, ni mrija wenye urefu wa sentimita 17 hivi, na mrija wa urefu huo hujibu kwa nguvu zaidi karibu na Hz 500, 1500 na 2500 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Ni fomanti hizo, zikisogezwa na ulimi na midomo, zinazotufanya tutofautishe a na e, i na o. Ukipandisha kila kitu kwa semitoni 5, ile 500 inakuwa 667, na sikio la msikilizaji linapata habari kwamba anayeimba ana mrija wa sentimita zisizofika 13. Huyo ni mtoto. Ndiyo maana sauti iliyopandishwa ovyo huchekesha, na iliyoshushwa ovyo hufanana na ya shahidi aliyefichwa uso kwenye televisheni.

Programu nzuri huepuka hilo kwa kulikata wimbi vipande vidogo sana, kila kimoja kikiwa na mizunguko kama miwili ya sauti, kisha kuvipanga upya karibukaribu au mbalimbali. Umbo la kila kipande halibadiliki, kwa hiyo rangi ya koo inabaki, lakini vipande vinapofuatana kwa kasi zaidi kidatu kinapanda. Kwenye uso wa programu utakuta kitelezi cha fomanti kikiwa kwenye sifuri, maana yake rangi isiguswe. Wengi hukiacha hapo, nami naona wanakosea. Sifuri humaanisha kwamba sauti zote tatu zimetoka kwenye koo lenye umbo moja, na sikio hulijua hilo hata kama mwenye sikio hawezi kulieleza. Mrija wa mwanamke, kwa wastani, huzifanya fomanti ziwe juu kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko za mwanamume, takriban semitoni 3, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha ya kucheza kabla ya kufika kwa mtoto. Sauti yangu ya juu ina fomanti zilizopanda semitoni 1.5, ya chini zimeshuka semitoni 1. Ni kidogo mno kuweza kusikika ukiizima na kuiwasha sauti moja peke yake, lakini zikiwa pamoja unasikia watu na si nakala.

Kuhusu umbali, sauti ya mtu huvumilia semitoni 3, 4, hata 5 bila kulalamika sana. Zaidi ya hapo herufi huanza kuchakaa. Besi iliyo oktava nzima chini naitumia kwa siri tu, ikiwa imefichwa nyuma ya gitaa la besi.

Kosa lililofuata lilinichekesha kabla ya kunichosha. Kwenye "ngo" ya "Nimekungoja" huwa siingii kwenye nota moja kwa moja. Sauti huanza na ile nazali, ikiwa chini kidogo, kisha huteleza hadi kwenye so. Kwa msikilizaji huo ndio utamu wa mstari. Kwa programu ni fumbo, kwa sababu njiani kuna sehemu ambayo haijulikani kama ni so au nota ya jirani, na sauti saidizi ya chini ilikuwa ikiruka re-mi-re-mi kama mtu mwenye kigugumizi. Nilijaribu kupunguza kasi ya mwitikio wake, kigugumizi kikaisha lakini sauti ikawa inafika kila mahali imechelewa. Kilichofaa ni kutengeneza nakala ya rekodi, kuisahihisha nakala hiyo kwa ukali hadi kila silabi ikae bapa kwenye nota yake, na kuitumia kuilisha hamonaiza, kisha kuinyamazisha ili msikilizaji asiisikie kamwe. Anachosikia ni rekodi yangu ya asili yenye miteremko yake yote, na chini yake sauti saidizi zinazojua zinakokwenda.

Unapoilisha programu hakikisha pia unaipa sauti kavu. Ili ijue nota, hulilinganisha wimbi na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo, ikitafuta ni baada ya muda gani wimbi linajirudia. Sauti ya Hz 110 hujirudia kila milisekunde 9 hivi, lakini kinachojirudia kila milisekunde 9 hujirudia vilevile kila milisekunde 18, na programu ikiteleza hapo huona nota iliyo oktava moja chini. Mwangwi wa chumba, muziki unaovuja kutoka kwenye hedifoni na ile sauti ya kukwaruza inayokuja mwisho wa pumzi vyote huongeza makosa ya namna hiyo. Mwangwi wa mapambo uwekwe baada ya hamonaiza. Na kwa kuwa programu inahitaji angalau mizunguko miwili ili iamue, sauti nzito ya Hz 80 huigharimu milisekunde 25 kabla haijasema lolote. Anayerekodi huku akijisikiliza kupitia humo atajikuta anajisubiri mwenyewe. Mimi hurekodi kwanza, hamonaiza baadaye.

Konsonanti nazo zina mambo yake. Irabu na konsonanti ghuna, zile zinazotetemesha nyuzi za sauti, zina kidatu, kwa hiyo m, n, b, z na wenzake hupandishwa na kushushwa bila shida, na lugha yetu, ambayo karibu kila silabi yake huishia kwenye irabu, ni lishe nzuri sana kwa programu hizi. Sighuna, zisizozitetemesha, ni habari nyingine. Mstari wangu wa pili unasema "nasikia hatua zako", na ile s ya "nasikia" ni hewa tupu isiyo na nota. Programu nyingi zikikutana nayo huipitisha ilivyo, na hapo unapata s tatu zilizo sawa kabisa zikipandiana juu ya nyingine. Kwa sauti saidizi mbili zilizo desibeli 8 chini ya kiongozi, nakala hizo huiongeza s kwa karibu desibeli 5, wakati irabu, zikiwa na nota tofauti, haziongezeki kwa kiasi hicho. Matokeo yake ni nyoka katikati ya sentensi. Nilizishusha kwa mkono s zote kwenye sauti saidizi, moja baada ya nyingine, nyingine nikazifuta kabisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza zimekwenda wapi, kwa sababu s ya kiongozi inatosha kwa wote.

Baada ya yote hayo nota zilikuwa sahihi, rangi zilitofautiana, nyoka amekufa, na kiitikio bado kilisikika kama mtu mmoja aliyekunjwa mara tatu. Programu yangu ina vitelezi vya kuleta ubinadamu: kimoja huchelewesha kila sauti kwa milisekunde chache zinazobadilikabadilika, kingine huiyumbisha nota kwa senti kadhaa. Vinasaidia, lakini ucheleweshaji unaosogeza silabi zote kwa bahati nasibu haufanani na mtu. Mtu huwahi neno analolipenda na kuchelewa pale pumzi inapomwishia. Isitoshe, mtetemo wa sauti yangu mwishoni mwa mstari ulinakiliwa kwa sauti zote, zikawa zinapanda na kushuka kwa hatua moja kama askari.

Suluhisho nililolikuta ni la kizamani kuliko programu yenyewe. Niliimba kiitikio mara tatu, wimbo uleule, nota zilezile za kiongozi, bila kujaribu kuiga nilivyoimba mara ya kwanza. Rekodi ya kwanza ikabaki kuwa kiongozi. Ya pili niliisahihisha na kuilisha hamonaiza ya sauti ya chini, ya tatu ikalisha hamonaiza ya sauti ya juu, na kwenye hizo mbili nikazima kabisa sauti halisi ili itoke ile iliyosogezwa peke yake. Ghafla kila mmoja akawa na pumzi yake, na "hatua zako" ikatamkwa na watu watatu ambao hawakukubaliana sawasawa z inaanza lini. Zilipoachana sana nilizivuta zikaribiane, hasa mwanzo wa mistari, lakini miisho niliiacha. Mtu anaweza kusema kwamba kama nimekubali kuimba mara tatu, ningeimba sauti zenyewe na kuachana na programu. Ana haki kwa sehemu, nitalirudia hilo.

Katika kuchanganya sikufanya makuu. Nilikata masafa yote chini ya Hz 200 kwenye sauti saidizi, nikapunguza ung'avu wa juu ili zikae nyuma ya kiongozi, moja kushoto na moja kulia, kila moja desibeli 8 chini. Nawaonya tu wanaopenda kunenepesha sauti kwa kuongeza nakala isiyobadilishwa nota iliyochelewa milisekunde 10 na kuitupa upande mmoja: kwenye stereo inapendeza, lakini kwenye simu yenye spika moja nakala hiyo hugongana na ya asili na kula masafa ya Hz 50, 150, 250 na kuendelea, kila baada ya Hz 100, na sauti inakuwa kama imetumbukizwa kwenye bomba. Sikiliza kwa spika moja kabla hujaridhika.

Na lile la kuimba mwenyewe: wiki iliyopita nilirudi kwenye maikrofoni, na kwa kuwa nilikuwa nimeisikia sauti ya chini kutoka kwenye programu mara mamia, nilikuwa nimeshaijua kwa moyo bila kukusudia, nikaimba mi mi fa mi do, re do ti do mara moja tu na ikatosha. Ile ya programu nimeifuta. Sauti ya juu koo langu haliifikii, kwa hiyo imebaki kwa hamonaiza, ikilishwa na rekodi ya tatu; na kwenye silabi ya mwisho ya "mlangoni" inakatika mapema kuliko sisi wengine, kwa sababu kwenye rekodi ile niliishiwa pumzi.